Kwa nini marubani wa kivita hufundishwa jangwani? Nauliza kuhusu Luke, Arizona

Mwana_Likii:
Wadau, nawasalimu. Mdogo wangu anasomea ufundi wa ndege, na juzi tumebishana mpaka chai ikapoa. Tumekulia Nanyuki, Kenya. Ndege za kivita za F-5 za kambi ya Laikipia zimepita juu ya bati letu tangu tukiwa watoto, na somo la kwanza mtu analopata hapa kuhusu ndege ni kwamba hewa nyepesi ni adui. Injini inapungukiwa pumzi, bawa halibebi vizuri, na ndege inakula njia ndefu kabla ya kuinuka. Joto nalo huifanya hewa iwe nyepesi. Sasa mbona Wamarekani wamewapeleka wanafunzi wao wa ndege ya kivita ya F-35 kambi ya Luke, kando ya Phoenix, mahali ambapo Julai kipimajoto kinagonga nyuzi 45? Nchi yao ni kubwa, pwani wanazo, nyanda za baridi wanazo. Mdogo wangu anasema ni kuwakomaza. Mimi sikubali. Aliyeko huko anifafanulie, hasa upande wa mafundi.

Sajini_Mstaafu:
Mdogo wako ana hoja, kijana. Askari hupelekwa penye shida ili shida isije ikamshangaza vitani. Na angalia vita vya Ghuba vya 1991, vilipiganwa wapi? Jangwani.

Bi_Rehema_AZ:
Sajini, shikamoo. Mwana Likii, habari za Nanyuki.

Mimi naishi Glendale, upande huohuo wa Luke. Nikienda dukani naziona F-35 zikishuka mbilimbili. Kazi yangu ni kujaza mafuta ndege za kiraia kwenye uwanja mmoja wa bonde hili, kwa hiyo joto ninaloliandika hapa nalijua kwa viganja.

Sajini, naomba nikupinge kwa adabu. Joto halikutafutwa na mtu. Kilichotafutwa ni nafasi na anga safi, joto likaja pamoja na kifurushi. Kambi ilianza 1941, jeshi lilipokuwa linahitaji marubani kwa maelfu na kwa haraka. Phoenix inapata karibu siku 300 za jua kwa mwaka. Mwanafunzi asiyezuiwa na mawingu anamaliza mafunzo kwa wakati. Halafu kusini, hadi mpaka wa Mexico, kuna uwanja wa shabaha unaoitwa Barry M. Goldwater, zaidi ya ekari milioni moja na nusu. Unguja nzima inaingia humo mara tatu na nafasi inabaki. Ndege inayokwenda kasi kuliko sauti inahitaji eneo la namna hiyo ili igeuke, ishambulie na kurudi bila kupita juu ya shule ya mtu. Ndiyo maana Singapore, ambayo ni kisiwa kidogo kisicho na anga ya kuchezea, iliweka F-16 zake Luke kwa miaka mingi. Wanorwe nao, watu wa theluji, wamejifunzia F-35 hapahapa. Hao hawakufuata jua la kuwakomaza.

Sasa kuhusu hewa nyepesi, kuna jambo mdogo wako atalipenda. Luke iko chini, mita 331 tu kutoka usawa wa bahari. Nanyuki iko kama mita 1,900. Ukipiga hesabu, hewa ya Nanyuki mchana wa nyuzi 24 ni nyepesi kuliko hewa ya Luke kwenye nyuzi 45. Kwa injini, nyumbani kwenu ndiko kugumu.

Joto la hapa linauma mahali pengine: kwenye mafuta, kwenye vyombo na kwenye miili ya watu. F-35 hutumia mafuta yake kupoza mitambo ya umeme iliyomo ndani. Yakiingia tangini yakiwa tayari ya moto, hayana tena nafasi ya kubeba joto la mitambo, na ndege inaweza kukataa kufanya kazi inavyopaswa. Mwaka 2014, ndege hizo zilipoanza kuwasili Luke, maboza ya mafuta yalikuwa ya kijani kibichi cha kijeshi, rangi inayonywa jua. Wakayapaka nyeupe. Ndege ya bei ile inatunzwa kwa kopo la rangi! Nilifurahi niliposoma habari hiyo, maana sisi wa mafuta tunajua boza lililokaa juani linavyokuwa, ila mara nyingi hatuulizwi.

Na binadamu je? Rubani ana kipoza hewa akishafunga kioo. Fundi hana. Anatembea juu ya zege linalochoma soli, anashika bomba na vifuniko vya chuma vilivyopigwa jua tangu asubuhi. Bila glavu unabanduka ngozi. Hospitali za Phoenix hupokea watu walioungua kwa kuanguka tu juu ya lami. Mimi nikiona ndege inaruka saa nane mchana, simfikirii rubani kwanza. Namfikiria kijana wa miaka ishirini aliyepiga magoti chini ya tumbo lake akikagua matairi, na ninataka watu wanaosifia ndege hizi wamtaje na yeye. Mwana Likii, kwa kuwa umeuliza upande wa mafundi, mwambie mdogo wako aanze kunywa maji kabla ya kiu na asione haya kuomba kivuli. Wanaoona haya ndio wanaobebwa.

Vumbi ni habari nyingine. Kuanzia Julai pepo za mvua zinaleta haboob, ukuta wa vumbi. Ule wa tarehe 5 Julai 2011 ulilifunika jiji zima.

Sajini_Mstaafu:
Marahaba, binti. Umeeleza nikaelewa. Angalau jangwa ni tupu, hakuna anayesumbuliwa.

Bi_Rehema_AZ:
Hapana, Sajini, si tupu. Mashariki ya uwanja wa Goldwater kuna ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji waliokuwepo kabla hapajaitwa Arizona, na sehemu ya anga ya mazoezi iko juu ya vijiji vyao. Kelele wanazisikia wao. Ndani ya uwanja wenyewe anaishi mnyama wa mfano wa swala, pronghorn wa Sonora. Ukame wa 2002 uliwapunguza upande wa Marekani wakabaki kama 21. Tangu hapo amezalishwa na kulindwa, na kuna wataalamu wanaokaa vilimani na darubini alfajiri. Wakimwona karibu na shabaha, shabaha hiyo inafungwa. Hilo nalisifu. Natamani wenye vijiji nao wangesikilizwa kwa bidii hiyohiyo.

Mwana_Likii:
Asante sana, dada. Mdogo wangu amesoma yote na amekazana na jambo moja: hiyo hesabu ya Nanyuki na Luke umeipataje? Haamini.

Bi_Rehema_AZ:
Asiamini, apige mwenyewe. Chukua kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, kwa hektopaskali, ugawe kwa nyuzi joto ukiwa umeongeza 273. Usawa wa bahari siku ya kawaida: 1,013 kwa 288, unapata 3.52. Luke kwenye nyuzi 45: kanieneo kama 974, gawa kwa 318, unapata 3.06, yaani asilimia 87 ya hewa ya pwani. Nanyuki kwenye nyuzi 24: kanieneo kama 810, gawa kwa 297, unapata 2.73, asilimia 78. Unyevu unabadilisha kidogo, lakini mpangilio haubadiliki.

Nikumbushe pia lile la tarehe 20 Juni 2017. Siku hiyo safari zaidi ya 40 za ndege ndogo za abiria zilifutwa Phoenix. Hesabu za kurukia za ndege hizo ziliishia nyuzi 47.8, na joto lilitabiriwa kupita hapo. Pengine ndege ingeruka salama, lakini hakukuwa na jedwali la kuthibitisha, na rubani haruki kwa kukisia. Mdogo wako akianza kazi, jedwali la aina hiyo la ndege anayoihudumia alijue kabla hajashika spana.