Kwa nini nahodha huwarudisha baharini kamba wakubwa? Swali kuhusu kanuni za Maine

Mwana wa Uvira (Portland, Maine)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, na tangu mwezi Juni ninafanya kazi ya tezi, yaani msaidizi wa nahodha, katika mashua ya kuvua kamba wa magando hapa Maine, Marekani. Mtego ukipanda juu ninaufungua, ninatoa kamba, ninatia heringi wa chumvi kuwa chambo, ninaufunga na kuusukuma urudi majini. Mikono imeshazoea, ila kanuni bado zinanichanganya.

Wiki iliyopita nilimweka katika tangi kamba jike wa kimo cha halali, asiye na hata yai moja. Nahodha alimtoa, akanionyesha pengo dogo kwenye pezi la mkia, dogo kiasi kwamba nilidhani ni jeraha la kuumwa na samaki, kisha akamtupa baharini. Dakika chache baadaye alimtupa dume mkubwa kuliko wote tuliowapata siku hiyo. Ninaelewa mdogo kuachwa akue, lakini mkubwa anaachwa asubiri nini? Vilevile, kwetu Tanganyika uvuvi ukitaka kupumzishwa ziwa hufungwa. Hapa mbona sioni msimu wa kufungwa?

Mzee wa Gati

Karibu kazini, mdogo wangu. Nimekaa kwenye mashua za huku miaka kumi na moja, na maswali yako niliyauliza yote, mengine kwa kukemewa.

Huku kamba anapimwa gamba la mgongo tu, wala si urefu wa mwili mzima. Gamba likiwa chini ya inchi 3 na robo, yaani kama milimita 83, anarudi. Likizidi inchi 5, ambazo ni milimita 127, anarudi pia, awe jike au dume. Mdogo anarudishwa kwa sababu inamchukua kamba takriban miaka 7 kufikia kimo cha halali, na wengi hawajataga hata mara moja kabla ya hapo. Mkubwa anarudishwa kwa hesabu ya mayai: jike wa nusu kilo na ushee hubeba kama mayai 8,000, ilhali jike wa kilo 4 anaweza kubeba zaidi ya 100,000. Dume naye anaachwa kwa sababu jike mkubwa anahitaji dume wa kimo chake. Kwa hiyo yule aliyekuuma roho hasubiri chochote, kazi yake ni hiyohiyo ya kuzaa, na akishavuka inchi 5 sheria ya Maine hairuhusu achukuliwe tena mpaka afe mwenyewe.

Kuhusu pengo. Jike mwenye mayai, yale meusi ya kijani yanayoshikamana chini ya mkia kama punje za ulezi, hachukuliwi kamwe. Kabla ya kumrudisha, nahodha anatakiwa amkate alama ya pembe tatu kwenye pezi lililo upande wa kulia wa pezi la kati, tumbo likiwa chini na mkia ukikuelekea wewe. Mayai yakishaanguliwa alama inabaki, na inaendelea kuonekana hata baada ya kujivua gamba mara moja au zaidi. Maana yake ni kwamba mvuvi aliyemshika mwaka juzi amekuachia ushahidi: huyu ni mzazi, usimguse. Katika Maine pengo halina kipimo, dogo au kubwa, limeota vinyweleo au halikuota, ni marufuku, na hata pezi lililochanika kiasi cha kuficha alama linahesabiwa kuwa alama. Ungefika naye gatini, mwenye leseni ndiye angejibu, si wewe, na ndiyo maana nahodha alichacha. Wapo waliowahi kuyasugua mayai kwa brashi ili jike aonekane mtupu, na hilo ni kosa linaloweza kumwondoa mtu katika kazi hii.

Kigoma Ujiji

Mimi sijawahi kumwona kamba wa magando ila kwenye picha, lakini suala la kufunga ninalijua, kwa sababu mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, na familia yangu iliishi miezi hiyo kwa kuuza mafuta ya mawese.

Ndugu wa Uvira, tazama kinachopanda na nyavu zetu. Ndagala na mikeke wakifika ndani ya mtumbwi wameshakufa au wanakufa. Utampima nani, umrudishe nani? Hata ukimkuta mwenye mayai, kumtupa ziwani ni kuwalisha ndege. Kwa samaki wa namna hiyo njia iliyobaki ni kuzuia wavu usiende majini kabisa kwa muda fulani, au kupanua matundu yake. Kamba wa Maine anaingia mwenyewe katika mtego, anakaa humo mzima, na ukimtupa anazama akiwa hai. Nadhani ndiyo sababu wao wanaweza kumchagua mmoja mmoja, nasi tunalazimika kufunga ziwa zima.

Mzamiaji wa Kizingitini

Kigoma amesema kweli, na ushahidi ninao huku Lamu. Kamba wetu ni kamba koche, asiye na magando, nasi humfuata mwambani kwa kuzamia na miwani. Wazee wetu walimtoa kwenye tundu kwa pweza aliyefungwa kwenye ncha ya mti: koche akimwona adui yake anaruka nje, unamkamata mzima kwa mkono, unamgeuza, na kama ana mayai unamwachia. Aliyetumia mshale hana nafasi hiyo, kwa sababu anaona mayai wakati koche ameshatobolewa. Huko Maine kuna wanaozamia?

Halafu, Mwana wa Uvira, umenichekesha na kazi yako ya tezi. Kwetu tezini hukaa nahodha na usukani wake!

Mzee wa Gati

Kuzamia kumfuata kamba ni marufuku, na kumkokota kwa nyavu ni marufuku. Ni mtego tu, na mtego wenyewe una masharti: tundu la pembeni la kumtolea kamba mdogo, na mlango uliofungwa kwa kitu kinachooza, ili mtego ukipotea chini usiendelee kuua kwa miaka. Kila mtego una lebo ya mwaka, na leseni moja haizidi mitego 800.

Sasa msimu. Pwani ya Maine kwa jumla haifungwi. Kinachoamua ni kamba mwenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya mavuno hupatikana kati ya Julai na Novemba, baada ya kujivua gamba, na baridi ikianza wanahamia kina kirefu ambako mashua ndogo haziwafuati. Kisiwa cha Monhegan peke yake kina msimu wake wa kisheria. Vukeni mpaka, mtaona jambo jingine: kusini magharibi mwa Nova Scotia, Kanada, katika eneo la uvuvi nambari 34, mitego inashushwa Jumatatu ya mwisho ya Novemba na kutolewa tarehe 31 Mei. Huko hawavui majira ya joto, wakati gamba ni laini na nyama haijajaa. Bahari ni ileile, kamba ni yuleyule, na mataifa mawili yameamua tofauti. Mimi binafsi ninaupenda mpango wa Kanada kwa sababu ya bei ya kamba mwenye gamba gumu, lakini nikisema hivyo gatini kwetu watanitupa majini bila kunipima.

Usidhani pia kwamba kanuni zimeshatulia. Mavuno ya Maine yalifikia ratli milioni 132 mwaka 2016, na kufikia 2023 yalikuwa chini ya milioni 100. Utafiti ulipoonyesha kwamba kamba wachanga wamepungua kupita kiwango cha asilimia 35 kilichowekwa kuwa kengele, ilipangwa kipimo cha chini kiongezwe hadi inchi 3 na sehemu 5 za 16, nyongeza isiyofika milimita 2. Wavuvi walipinga kwa nguvu, wakisema wanunuzi watawafuata kamba wa kimo hicho kwa Wakanada, na mapema mwaka 2025 mpango ukaondolewa. Nilikuwa miongoni mwa waliopinga, na sina uhakika tena kama tulifanya vyema. Zile alama za zambarau unazoziona kwenye kamba za kufungia maboya, pamoja na vipande vinavyokatika kwa mvuto wa ratli 1,700, vimewekwa kwa ajili ya nyangumi wanaonaswa, na hiyo ni habari ndefu ya peke yake.

Mwana wa Uvira

Ninawashukuru sana, kaka zangu. Yamebaki mawili. Je, ninaweza kupata leseni yangu? Na kipimo cha shaba ninakishika vipi? Mara mbili nahodha amepima upya kamba wangu na kupata jibu tofauti na langu.

Mzee wa Gati

Leseni inaanza na uanafunzi: miaka isiyopungua 2, siku 200 na saa 1,000 za baharini zilizoandikwa na kutiwa saini, kisha unaingia katika foleni ya kanda yako, na foleni za baadhi ya kanda ni za miaka mingi. Jiandikishe mapema, kwa sababu siku unazofanya kazi bila kuandikishwa hazihesabiwi.

Kipimo sasa. Wengi wanaoanza hukiegemeza kwenye mwiba ulio katikati ya macho, ndipo kamba mdogo anaonekana mkubwa. Ncha ya kipimo inakaa ndani ya tundu la jicho, nyuma kabisa, halafu unakilaza sambamba na mstari wa katikati ya mgongo bila kukiinamisha, hadi ukingo wa gamba pale mkia unapoanzia. Kipimo kikining'inia nje ya ukingo, ni mdogo. Kikisita hivi unashindwa kuamua, mrudishe, tena upesi, jua lisimkaushe.