Maneno ya Kiingereza ya ukubwa: "huge", "vast", "massive" na mengineyo

Mtembeza Wageni, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Ninaandaa maelezo ya Kiingereza kwa wageni ninaowatembeza mjini na kisiwani Changuu, na nimekwama katika maneno ya ukubwa. Kamusi niliyonayo inayafasiri "huge", "enormous", "vast", "immense" na "massive" kwa maneno yaleyale mawili, "kubwa sana", ilhali katika maandishi ya Waingereza wenyewe naona kila moja lina mahali pake. Ninataka kueleza kobe wa Changuu, jumba la Beit al-Ajaib na bahari iliyo baina yetu na bara. Lipi linafaa wapi, na kwa nini? Naomba sababu zaidi kuliko orodha, kwani mbele ya mgeni nitalazimika kuchagua mwenyewe.

Maalim wa Wete

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kamusi hiyo imepima kiasi cha ukubwa tu, wakati maneno haya yanatofautiana zaidi kwa aina ya ukubwa. "Vast" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kitupu, kilicho ukiwa, na mpaka leo linataka upana ulioenea hata jicho lisione ukomo: jangwa, anga, bahari kuu. Kwa sababu hiyo haliwezi kumfaa kobe hata akiwa mkubwa vipi. "Massive" ni kinyume chake, kwani linataka uzito na unene wa kitu kilichoshiba, kama shina la mbuyu, ingawa katika mazungumzo ya siku hizi Waingereza hulitumia karibu kwa kila kitu.

"Enormous" ndilo ninalolipenda zaidi. Ndani yake mna "norma", jina la Kilatini la kifaa ambacho fundi seremala hupimia pembe, na maana yake ya asili ni kilichotoka nje ya kipimo. Kwa hiyo linapendeza pale ambapo msomaji anaijua kawaida ya kitu na anaona imepitwa. Mgeni anamjua kobe mdogo wa bustanini. Akimwona dume wa Changuu, ambaye jamii yake, yenye asili ya visiwa vya Aldabra huko Ushelisheli, huweza kufikia kilo 250, "enormous" ndilo neno lake. Ila jina la aina hiyo ni "giant tortoise", wala usilibadilishe kuwa "gigantic", kwani hapo utakuwa umeacha kutaja aina na umeanza kusifu umbo.

"Immense" maana yake ni kisichopimika, nalo hukaa vizuri zaidi na visivyoshikika, kama subira, furaha au deni la fadhila.

Mkalimani wa Vuga

Nakubaliana na Maalim, na naongeza kuhusu jumba na bahari. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lisiitwe "massive". Ukisimama Forodhani ukalitazama kama lilivyokuwa kabla ya sehemu yake kuporomoka Disemba 2020, kinachokujia ni baraza zilizopangana ghorofa juu ya ghorofa na nguzo nyembamba za chuma, yaani urefu na fahari, si uzito. Mimi ningeandika "grand", neno ambalo ndani ya ukubwa lina heshima. "Massive" lipe jirani yake, Ngome Kongwe, yenye kuta nene za mawe. "Colossal" liache kabisa, kwa kuwa linatokana na sanamu ya kale ya kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, iliyokuwa na urefu wa mita zipatazo 30 na kuangushwa na tetemeko la ardhi, na bado linadai kimo cha namna hiyo.

Ama bahari, baina yetu na bara kuna mkondo usiofika kilomita 50 pale unapokuwa mwembamba, na mgeni aliyeuvuka kwa boti asubuhi hatokubali kuwa ni "vast"; hapo "wide" linatosha. Msimamishe Paje au Bwejuu, pwani ya mashariki, aitazame Bahari ya Hindi, hapo "vast" litasema kweli.

Jambo la sarufi: haisemwi "very huge" wala "very enormous", kwa sababu "sana" imo tayari ndani ya neno. Husemwa "very big" au "very large". Na haya mawili nayo hayalingani, kwani "big brother" ni kaka mkubwa, lakini "large brother" ni kaka mwenye mwili mkubwa.

Mtembeza Wageni, Mji Mkongwe

Ahsanteni sana, nimefahamu. Limebaki moja: Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ninataka kueleza ukubwa wa biashara ile. Je, "enormity" ndiyo nomino ya "enormous"?

Maalim wa Wete

Kwa umbo ndiyo, lakini tahadhari. Katika Kiingereza cha uangalifu "enormity" ni ukubwa wa uovu, si wa kiasi, na wasomaji wengi hukasirika likitumiwa kwa jengo au mnyama. Kwa Mkunazini linafaa barabara: "the enormity of the slave trade" ni sentensi sahihi, na itasema unachokusudia bila ya kuongeza sifa nyengine. Ukifika kwenye idadi ya watu waliopitishwa pale, badilisha uandike "scale".