Mzigo wa mnada ukivunjika kati ya Dar na Kigoma, hasara abebe nani?

Mleta mada (Ujiji)

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno, maana limeshagombanisha watu wengi hapa mjini.

Minada ya kwenye magrupu ya simu imeshika kasi. Muuzaji yuko Kariakoo, anaweka picha ya runinga iliyotumika, anataja bei ya kuanzia, watu wanapandishiana dau mpaka saa ya kufunga. Aliyepanda juu kuliko wote anatuma hela usiku huohuo. Kesho yake boksi linaingia kwenye buti la basi pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, linapita Morogoro, Dodoma, Manyoni, Tabora, linavuka Malagarasi na kushushwa huku, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka lilikopakiwa. Unalifungua, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona. Muuzaji anajibu: "Mimi niliipakia nzima, picha hizi hapa." Ofisi ya basi inasema boksi lilikuja limefungwa, wao hawakujua kilichomo. Hela imeenda na runinga huna.

Msimamo wangu: hasara ya njiani iwe ya muuzaji mpaka mnunuzi afungue mzigo na kuukubali, na jambo hili liandikwe kwenye masharti ya mnada kabla ya dau la kwanza kutajwa.

Nasisitiza liandikwe kwa sababu tusipoandika, sheria inamwelemea mnunuzi, na wengi hawajui. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ilifuata mfano wa sheria ya Waingereza ya 1893. Inasema mauzo ya mnada yanakamilika nyundo inapogongwa. Inasema pia kwamba muuzaji anayepaswa kusafirisha mzigo, akishaukabidhi kwa msafirishaji, kwa kawaida anahesabiwa amemkabidhi mnunuzi. Maana yake konda akipokea boksi kule Mbezi, wewe uliye Ujiji umeshapokea, hata kama hujaliona.

Lakini sheria hiyohiyo imeacha milango miwili. Wa kwanza, muuzaji anatakiwa kufanya mapatano ya maana na msafirishaji, kulingana na aina ya mzigo. Akizembea, mzigo ukapotea au kuharibika, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kwamba amekabidhiwa. Aliyepeleka runinga kwenye basi kama furushi la nguo, bila neno lolote kuhusu kioo, mimi naona amezembea. Mlango wa pili ni mpana zaidi: kanuni hizi zinafanya kazi pale ambapo wahusika hawakukubaliana vinginevyo. Basi tukubaliane vinginevyo! Waingereza wenyewe walishabadilika. Sheria yao ya haki za walaji ya 2015 inauacha mzigo mikononi mwa mfanyabiashara, na hasara yake, mpaka umfikie mlaji, isipokuwa mlaji alijitafutia msafirishaji wake mwenyewe. Sisi tumebaki na walichokiacha.

Na msiniambie niende mahakamani Dar kwa runinga ya laki nne. Nauli na malazi vinaimaliza laki nne kabla shauri halijasikilizwa.

Muuzaji wa asali (Tabora mjini)

Mleta mada nakuheshimu, ila umeandika kana kwamba mwongo ni muuzaji peke yake.

Nanadisha asali ya kutoka Sikonge, madumu ya lita 20. Mteja mmoja wa Dar alinitumia picha ya dumu limepungua, akadai mfuniko ulivuja njiani na anataka nusu ya hela yake. Boksi halikuwa na hata doa la asali. Nani anihakikishie kwamba hakuchota? Kwa kanuni yako ningelipa, kwa sababu neno la mwisho umempa aliyeshika mzigo.

Tazama mnada mkubwa wa mtandaoni wa Marekani, eBay, ulioanza 1995. Mnunuzi ana siku 30 tangu mzigo ufike, au tangu siku uliyotarajiwa kufika, kulalamika na kudai hela yake. Tangu 2008 muuzaji haruhusiwi kumpa mnunuzi alama mbaya. Hata hivyo kule muuzaji ana silaha: namba ya kufuatilia mzigo inayoonyesha umefika lini, na kwa mzigo wa dola 750 na kuendelea anatakiwa kuwa na saini ya mpokeaji. Mimi hapa Tabora nina karatasi ya risiti na namba ya simu ya konda, ambaye kesho yuko safari nyingine na simu imezimwa. Unanitwika mzigo wa muuzaji wa eBay bila kunipa silaha zake.

Na hili mlifikirie vizuri: ukinibebesha hasara yote ya njiani, nitapandisha bei ya kuanzia au nitaandika "mikoani situmi". Atakayeumia ni mtu wa Kigoma, na baada yake wa Kibondo na Kakonko.

Wakala wa mizigo (stendi, Kigoma)

Niwaambie tunachokiona sisi. Mtu analeta boksi, unamuuliza kuna nini, anasema nguo, ili alipe nauli ndogo. Unaliweka chini, juu yake inakuja gunia la dagaa. Basi likiharibika Urambo mizigo inafaulishwa usiku kwenye basi lingine, na hakuna anayeandika lilivyokuwa.

Kubeba vifurushi vya watu kwa malipo ni huduma ya leseni, na msimamizi wake ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Muulizeni mnayempa mzigo kama anayo, kwa sababu mwenye leseni ana mahali pa kushtakiwa. Na thamani ya mzigo iandikwe kwenye risiti. Risiti inayosema "boksi 1" haimsaidii mtu yeyote.

Mchangiaji (Kasulu)

Mwakeye wana Kigoma. Kaka wa stendi, ofisi zenu ndizo zinazotukatalia kufungua mzigo kabla ya kusaini kitabu. Ukisha saini wanakwambia ulipokea ukiwa mzima. Halafu sisi wa Kasulu boksi linashuka Kigoma na kupandishwa gari nyingine. Likivunjika kwenye kipande hicho, muuzaji wa Dar anahusikaje?

Mleta mada (Ujiji)

Dada wa Kasulu, kwangu mimi jibu liko kwenye risiti. Kama muuzaji alipokea nauli ya mpaka Kasulu, hasara ni yake mpaka Kasulu. Kama wewe ndiye uliyempigia mtu wa gari akuchukulie boksi Kigoma, kipande hicho ni chako. Na kusaini kabla ya kufungua tukatae wote kwa pamoja, kwa sababu saini hiyo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote na tunaitoa bure.

Mwenye asali, hoja yako ya silaha ni ya haki na naikubali. Ila kwa asali silaha unayo: mizani. Dumu la lita 20 lililojaa asali lina kilo 28 hivi. Lipimwe Tabora mbele ya wakala, kilo ziandikwe kwenye risiti, kifuniko kizungushiwe lakiri, na lipimwe tena Dar kabla mnunuzi hajaligusa. Kilo zikilingana, madai yake yamekufa palepale ofisini. Zikipungua na lakiri ni nzima, tutajua limevuja; lakiri ikiwa imekatwa, wenye basi wajibu.

Kwa runinga, boksi lifunguliwe ofisini na runinga iwashwe, dakika kumi zinatosha. Ujumbe wote wa mnada, masharti na picha vitunzwe, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea ushahidi wa aina hiyo mahakamani. Kuhusu bei kupanda, mimi ni radhi kuongeza elfu kumi kwenye dau kuliko kupoteza laki nne.

Muuzaji wa asali (Tabora mjini)

Mizani naikubali, na mnada wangu ujao itakuwa kwenye masharti. Lakini kwa vitu vya umeme bado hujanishawishi. Runinga inaweza kuwaka vizuri pale stendi na kuzima baada ya wiki, kwa sababu ya mtikisiko wa barabara au kwa sababu ya umeme wa nyumbani kwa mnunuzi. Fundi ataapa hivi, mwingine ataapa vile. Hapo masharti yako yanasemaje?

Wakala wa mizigo (stendi, Kigoma)

Na mimi naongeza: basi likiingia saa tano usiku na umeme umekatika, hiyo runinga naiwashia wapi?