Ushauri: NodeMCU inawasha pampu ya maji yenyewe umeme ukirudi

nyaya_tatu:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaocheza na hizi bodi za Wi-Fi.

Nyumbani nimefunga NodeMCU (bodi ndogo ya kupangia programu) yenye chipu ya Wi-Fi ya ESP8266, moduli ya rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na bodi) ya volti 5, na adapta ya simu ya kulisha vyote. Ndani ya bodi nimeweka seva ndogo, hivyo aliye kwenye Wi-Fi yetu anaandika 192.168.1.7 kwenye simu, anapata ukurasa wa vitufe vinne: washa na zima taa, washa na zima pampu. Taa ya nje iko pini ya D1. Pampu ya kisima, HP 1, iko D4, na umeme wake unapita moja kwa moja kwenye rilei.

Taa haina shida. Kasheshe ni pampu. Umeme ukikatika ukarudi, rilei yake inatatarika kidogo, halafu pampu inazunguka yenyewe dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Wiki iliyopita ikawaka usiku umeme ukiwepo, hakuna aliyegusa kitu, simtank ikafurika mpaka kwa jirani. Halafu ile namba ya 192 hubadilika badilika, wife ananipigia kazini kuwa ukurasa haufunguki. Na mwisho ningependa niweze kuiwasha hata nikiwa kazini.

Natanguliza shukrani.

Kisebusebu:
Swichi ya ukutani imekukosea nini mkuu 😂

Bi_Soketi:
Mkuu, hamisha pampu kutoka D4 leo hii. D4 ndiyo GPIO2, yaani jina la pini hiyo kwenye chipu yenyewe. ESP8266 ikiwaka tu, kabla programu yako haijaanza, inatoa ujumbe wake wa kuamka kupitia pini hiyo kwa kasi ya biti 74880 kwa sekunde. Moduli yako haijui kusoma ujumbe, inachoona ni washa-zima-washa-zima, ndiyo maana inatatarika. D3 usiisogelee, ni GPIO0, na ikivutwa chini (volti sifuri) wakati wa kuwaka bodi inaingia hali ya kupakiwa programu. D8 nayo, GPIO15, ikivutwa juu (volti 3.3) bodi haiwaki kabisa. Tumia D2, au D5, D6, D7.

Sasa hizo dakika mbili za kuzunguka. Rilei nyingi za bei rahisi huvuta pini ikiwa chini na kuachia ikiwa juu. Nadhani programu yako inaanza na pinMode (amri ya kuifanya pini iwe ya kutoa), kisha inakaa kwenye kitanzi kusubiri Wi-Fi, na baada ya hapo ndipo inazima rilei. Ni kweli? Maana umeme ukirudi, ruta nayo inawaka upya na inachukua muda wake kukaa sawa. Muda wote huo pini ya pampu iko chini na kisima kinavutwa.

nyaya_tatu:
Dada umeona kama uko ndani ya kompyuta yangu. Ndivyo ilivyo, kitanzi cha Wi-Fi kiko juu ya kila kitu.

Bi_Soketi:
Basi mstari wa kwanza kabisa kwenye setup (sehemu inayoendeshwa mara moja bodi ikiwaka) uwe digitalWrite ya kuweka pini juu, wa pili ndiyo pinMode ya kuifanya ya kutoa. Kwa mpangilio huo, usigeuze. Wi-Fi ifuate baadaye. Na isiwe kitanzi cha kusubiri milele. Pampu lazima izimike hata kama ruta imekufa.

mzee_wa_kontakta:
Mimi ni fundi umeme, mambo ya seva siyajui, ila hapo kwenye pampu mmepapita haraka mno.

Ile rilei ya bluu imeandikwa 10A 250V. Hiyo ni kwa mzigo mtulivu kama pasi. Mota ya HP 1 ikishazunguka inakula ampea tano, sita, lakini wakati wa kuanza inaruka mara tano mpaka saba ya hapo. Kila ikianza, meno ya rilei yanapiga cheche. Siku moja yatashikana kama yaliyochomelewa, na hapo hata ubonyeze "zima" mpaka kidole kiote sugu, pampu haizimi. Ukifika hapo ni breka tu.

Weka kontakta (swichi kubwa ya mota inayovutwa na sumaku ya umeme) yenye koili ya volti 230. Rilei yako iwashe koili tu, mota ipite kwenye kontakta, na chini yake weka ovalodi (kinga inayokata mota ikizidiwa) inayolingana na mota. Halafu kwenye njia ya koili hiyo pitisha waya wa boya la simtank. Tenki likijaa boya linakata koili, iwe bodi imeganda, iwe programu imekosewa, iwe mtoto anachezea simu. Boya msiliweke kwenye programu, liwekeni kwenye waya.

Pia rilei ikate laini, isikate nyutro. Nimekuta nyumba nyingi wamekata nyutro, mtu anadhani pampu imezimwa kumbe ina umeme mwilini.

Kipanga88:
Si anunue Sonoff tu, swichi ya Wi-Fi iliyo tayari, aachane na hayo yote?

mzee_wa_kontakta:
Kwa taa, sawa. Kwa pampu hadithi ni ile ile, ndani yake mna rilei. Bado utataka kontakta.

pakua_pakia:
Naona hakuna aliyegusa ile ya usiku. @nyaya_tatu, ukibonyeza washa pampu, juu kwenye kivinjari anwani inasomekaje?

nyaya_tatu:
192.168.1.7/pampu/washa

pakua_pakia:
Huyo ndiye jini wako. Kwako kufungua anwani hiyo ndiko kuwasha pampu. Kivinjari cha simu kikiachwa muda, simu inakitoa kwenye kumbukumbu. Mtu akikifungua tena kuangalia matokeo ya mpira, kivinjari kinapakia upya ule ukurasa wa mwisho, na kwa kuupakia kimetuma amri. Hata kuandika "192" tu kikakumalizia anwani ya jana inatosha. Muulize kila mwenye simu hapo nyumbani ana kurasa ngapi zimebaki wazi.

Dawa yake: vitufe viwe fomu zinazotuma kwa POST (njia ya kutuma amri, siyo ya kufungua ukurasa), na kwenye server.on (pale programu inapopokea anwani) utaje HTTP_POST ili mtu akifungua anwani hiyo kawaida asiwashe kitu. Ukishapokea amri, jibu kwa 303 (msimbo wa kukielekeza kivinjari kwingine) umrudishe kwenye ukurasa mkuu. Hapo hata apakie upya mara ngapi, anaona hali ya pampu tu.

Ongeza na kikomo cha muda ndani ya bodi: pampu ikizidi, tuseme, dakika 40, ijizime. Usitumie delay (amri ya kusimamisha programu), maana kwa dakika hizo 40 seva haitamjibu mtu na kitufe cha kuzima kitakuwa pambo. Tumia millis (kaunta ya milisekunde tangu bodi iwake), na hesabu iwe ya kutoa: sasa kutoa ulipowasha, ulinganishe na kikomo. Ukijumlisha badala ya kutoa, kaunta ikijaa na kuanza sifuri, kila baada ya siku 49 na kitu, utarudi hapa na uzi mwingine.

Namba kubadilika ni dogo. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), itengee MAC ya bodi (namba yake ya kuzaliwa) anwani moja ya kudumu. Jina la .local badala ya namba nalo linapendeza, ila Android nyingi za zamani hazilifungui.

nyaya_tatu:
Nimekagua simu. Ya mdogo wangu ina kurasa za pampu/washa zilizobaki wazi tele, nyingine sijui za lini. Na ile ya kuwasha nikiwa kazini? Intaneti yangu ni ruta ya laini ya simu.

pakua_pakia:
Kwa laini ya simu, kufungua mlango kwenye ruta kwa kawaida hakusaidii, kwa sababu anwani ya nje unachangia na wateja wengine wa mtandao huo. Na hata ingewezekana nisingekushauri uanike ukurasa usio na nywila. Geuza kibao: bodi ndiyo itoke nje kwenda kwenye seva ya MQTT (njia ya vifaa kupokezana ujumbe mfupi), isubiri amri huko, na simu yako iongee na seva hiyo hiyo. Weka nywila na TLS (usimbaji wa mawasiliano). Lakini hilo lisubiri kontakta na boya.

nyaya_tatu:
Pampu nimeitoa kwenye bodi kwa sasa, tunatumia swichi ya ukutani (Kisebusebu umeshinda). POST imekubali kwenye taa. Kontakta na ovalodi nitamwachia fundi afunge. Nikihamia ESP32, chipu mpya zaidi, nitaepuka haya ya pini?

Bi_Soketi:
Hapana, nayo ina zake: 0, 2, 12 na 15 uwe nazo macho, hasa 12, ikivutwa juu wakati wa kuwaka bodi inaweza kukataa kuanza. Kwa pampu moja na taa moja hiyo uliyonayo inatosha. Fundi akimaliza, jaribu kwanza kukata breka na kuirudisha ruta ikiwa imezimwa, uone pampu inafanya nini.