Mafundi kompyuta wa Dodoma, kufomati siyo kupima diski!

Wakuu, heshima mbele, ila leo nimevurugwa.

Hawa mafundi wa hapa mjini wametugeuza shamba la bibi. Nimenunua hard disk ya mtumba, GB 500, kwenye kibanda kimoja pande za Majengo. Fundi kaapa, "Nimeipima bosi, haina shida." Huko kupima nilikuona kwa macho yangu: kaichomeka, kafomati ile ya haraka, kapiga Windows, ikawaka, toa hela. Jamani! Fomati ya haraka inaandaa upya orodha ya mafaili tu, uso wa diski haiukagui. Diski yenye sekta mbovu kibao (sekta ni vile vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) inapita hapo bila wasiwasi.

Wiki haijaisha, mashine inaganda kila nikifungua folda ya picha. Nikashusha CrystalDiskInfo, programu ya bure kabisa ya kuangalia afya ya diski. Rangi ya njano, yaani tahadhari. Mstari wa 05, yaani sekta zilizokufa na kuhamishiwa kwenye akiba, una namba tayari. C5, zile ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje, asubuhi ilikuwa na namba ndogo, jioni imepanda. Saa za kuwashwa zimepita 31,000. Gawanyeni kwa 8,760, saa za mwaka mzima, muone: miaka mitatu na nusu inazunguka bila kulala! Nahisi imeng'olewa kwenye mashine ya kamera za ulinzi.

Namrudishia, ananiambia, "Ngoja niipige chkdsk." Yaani aendeshe chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, isome diski nzima inayokata roho, na mafaili yangu sijayatoa! Diski iliyochoka unaimalizia hapo hapo. Data kwanza, vipimo baadaye, hilo nalo la kumfundisha fundi?

Kuna dogo wa UDOM yeye kaambiwa diski ya kwenye deskitopu yake imekufa, anunue mpya. Tumeangalia: 05 sifuri, C5 sifuri, C7 imejaa. C7 ni makosa ya mawasiliano, na mara nyingi mchawi ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na mashine. Tumebadili waya, namba imeacha kupanda (kushuka haishuki, msitishike), mashine inadunda.

Mimi hela sijarudishiwa, eti mali ikishatoka dukani hairudi. Mwenye kujua duka hapa Dodoma wanakokufungulia SMART (hizo rekodi za afya ambazo diski inajitunzia yenyewe) uone namba kabla hujalipa, alitaje. Na mafundi mliomo humu mje mjibu: kuifungua CrystalDiskInfo mbele ya mteja mnashindwa nini?