Mama ana nimonia, dokta kasema arudi nyumbani, hii ni sawa kweli?

Kitindamimba:
Jamani naombeni mawazo yenu. Jana usiku nimempeleka mama emajensi, ana miaka 68, homa na kikohozi siku ya tatu, wakapiga eksirei wakachukua damu wakasema ni nimonia, mi nikajua hapo moja kwa moja wodini, nishaanza hadi kupigia ndugu simu, mara dokta anakuja anasema hatumlazi, chukueni antibayotiki za kumeza mumrudishe kesho kutwa aangaliwe. Kaka yangu kawaka balaa, anasema wamempuuza mama. Hivi wanaamuaje nani alazwe nani aende?

Dozi_Kamili:
Pole kwa kuuguza. Mi ni daktari ila mama sijamuona, chukua kama maelezo tu. Kwa nimonia kuna alama zinaitwa CURB-65, vitu vitano kila kimoja alama moja: kuchanganyikiwa, urea (taka ambazo figo huzitoa) kwenye damu kuzidi 7, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, presha kushuka (ya juu chini ya 90 au ya chini 60 kurudi chini), na umri 65 kupanda. Akiwa na 0 au 1 mara nyingi anatibiwa nyumbani, 2 tunafikiria kumlaza, 3 na kuendelea huyo kazidiwa. Mama kwa umri tu kashapata 1. Ila alama haziamui zenyewe, oksijeni haimo humo lakini ikishuka namlaza hata mwenye sifuri. Swali langu huwa moja, wodini atapata nini ambacho nyumbani hakipo? Kama ni vidonge vilevile na kitanda, abaki kwake.

Nesi_wa_Zamu:
Naongezea. Watu wanaona kulazwa ndio kujaliwa, hawajui mzee akilala wiki nzima miguu inalegea, wengine usiku wanachanganyikiwa kwa ugeni wa mahali, bado vijidudu vya hospitali vilivyozoea dawa. Lakini nauliza, anakunywa maji bila kutapika? Chooni anaenda mwenyewe? Nani analala naye? Nishaona mtu vipimo safi kabisa tukamlaza kwa sababu anaishi peke yake na kila kidonge anakitapika.

Sina_Imani:
Nyie mnateteana tu. Baba yangu aliambiwa maumivu ya kifua ni gesi, eti kipimo cha umeme wa moyo kiko sawa, alfajiri tukamrudisha mbio, kumbe moyo.

Dozi_Kamili:
@Sina_Imani pole sana, hilo linatokea kweli. Ndio maana kifua hakimalizwi kwa kipimo kimoja, troponini (kitu kinachopanda kwenye damu moyo ukiumia) inaweza kuwa chini saa za mwanzo halafu ikapanda, inabidi irudiwe baada ya masaa kadhaa mgonjwa akiwa kitanda cha uangalizi. Hapo hajalazwa na hajaruhusiwa, watu wengi hawajui kama kuna hiyo.

Kitindamimba:
Nimecheki karatasi: oksijeni 96, kupumua 22, presha 128/74, urea 5. Maji anakunywa, chooni anaenda mwenyewe, nalala naye chumba kimoja. Kaka bado kanuna. Nikiona nini nisisubiri kesho kutwa?

Nesi_wa_Zamu:
Akihema hadi anashindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, akiongea vitu havieleweki, au ashinde kutwa bila kukojoa. Na wazee wengine homa haipandi kabisa, anakuwa tu mzito, hataki kula wala kuamka, hapo mkimbize. Kaka mwambie leo zamu ya usiku ni yake.