Nimeacha dawa ya sonona, sasa napigwa shoti kichwani kila nikigeuza macho

FundiWaMoro, Jumapili usiku

Habari za humu wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho. Najua ni ndefu ila usingizi umenikataa na mwenzangu anakoroma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, nina miaka 38. Mwaka 2018 nilipojifungua mtoto wa pili niliugua sonona vibaya. Sikuwa hata nalia, nilikaa tu. Mtoto analia, mimi namtazama kama wa jirani. Mama mkwe akasema nimerogwa, tukazungushwa miezi mitatu, mpaka wifi yangu ambaye ni muuguzi akanishika mkono kunipeleka hospitali. Nikaanzishiwa sertralini, miligramu 50 kisha 100. Kama wiki ya tano hivi nikaanza kusikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Siisemi vibaya dawa ile hata siku moja.

Nimemeza tangu hapo. Juzi kati nikamwambia daktari nataka kuacha (yule wa mwanzo alishahama, huyu mwingine). Hakubisha. Akaniandikia nimeze 50 kwa wiki mbili, halafu basi. Foleni nyuma yangu ilikuwa inaguna, sikuuliza neno.

Kutoka 100 kwenda 50 hata sikuhisi, nikajisifu. Siku ya tatu baada ya kuacha kabisa, niko kwenye cherehani, natoa macho kwenye sindano nitafute mkasi, kichwani ikapiga tzz! Kama umegusa pasi yenye waya uliochubuka. Haiumi. Ni kama dunia imekatika nukta moja ikaungwa tena. Tangu siku hiyo ni kutwa, hasa nikigeuza macho haraka. Kichefuchefu asubuhi kama mimba (nimepima, hapana). Usiku natoka jasho mpaka nabadilisha kanga mara mbili, na ndoto zina rangi kama sinema. Jana uzi umekatika nikalia dakika ishirini. Uzi! Na kwenye sare ya harusi ya mteja nimeunga mkono wa kulia upande wa kushoto, kitu ambacho sijafanya tangu nikiwa najifunza.

Mume wangu anasema ugonjwa umerudi. Mimi nabisha. Ugonjwa ule naujua, ulikuwa mzito na kimya kama koti la mvua lililolowa. Hiki cha sasa kina makelele. Lakini naogopa nisije nikawa najidanganya. Kuna aliyepitia? Ni ugonjwa unaorudi au ni dawa inayoondoka?

---

Mzalendo_77

Dada, hayo madawa ndiyo yanayowamaliza watu. Umeshayaacha, usirudi nyuma. Chemsha tangawizi na mdalasini, kunywa asubuhi na jioni, funga siku tatu uombe. Kama mwili unauma kuna vidonge vya tramadoli, nusu tu unalala kama mtoto.

---

MfamasiaWaKona

Mzalendo, tangawizi na maombi sina ugomvi navyo. Hiyo tramadoli naomba uifute. Ikikutana na sertralini mwilini inaweza kuleta mtetemeko, joto kali, hata degedege. Kidonge ulichopona nacho wewe si lazima kimfae aliye kwenye dawa nyingine.

FundiWaMoro, pole sana mama. Mimi niko dukani tu, siye daktari wako, lakini ulichoeleza nakisikia dirishani mara nyingi.

Tazama wakati shoti zilipoanza. Sertralini hupungua nusu mwilini kwa takriban siku moja, kwa hiyo siku ya tatu ndipo ubongo unapogundua kuwa mgeni ameondoka. Sonona ikirudi kwa kawaida huja kwa kunyata, wiki kadhaa au miezi, tena na sura yake ileile ya zamani. Shoti za kichwani haukuwa nazo 2018, sivyo? Hiyo ni dawa inayoondoka. Wala haina maana kwamba ulikuwa teja. Huitamani dawa, huongezi dozi kwa siri. Ni mwili uliojipanga miaka mingi ukiitegemea ipo, ghafla haipo.

Kwa nini 100 kwenda 50 hukuhisi, halafu 50 kwenda sifuri ikakuangusha? Hesabu za dawa hizi hazinyooki kama rula. Mwaka 2019 Horowitz na Taylor waliandika hilo katika jarida la Lancet Psychiatry, wakitumia mfano wa sitalopramu, ndugu yake sertralini: miligramu 20 hukamata karibu asilimia 80 ya milango ambayo dawa inafanyia kazi kwenye ubongo, na miligramu 60 hazifiki hata asilimia 90. Ukipunguza huko juu hutoi kitu kikubwa. Ukitoa kile kidonge cha mwisho umetoa karibu vyote kwa siku moja. Kwa hiyo hatua za mwishoni ndizo zinazotakiwa kuwa ndogo kuliko zote, na wengi wetu tunafanya kinyume.

Rudi kwa daktari, usingoje tarehe ya kliniki. Mwulize kama unaweza kurudishwa kwenye 50 mpaka utulie, kisha mshuke kidogo kidogo, na kila hatua ikae wiki mbili hadi nne au zaidi. Vidonge vingi vya 50 vina mstari katikati, vinakatika nusu, na robo ukiwa na kikatio. Chini ya hapo panataka dawa ya maji, ambayo mimi dukani sijawahi kuipata, kwa hiyo lizungumzeni mapema. Madaktari wengine humhamishia mtu kwenye fluoksetini, ndugu mwingine wa sertralini, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu na kujiondoa yenyewe taratibu, lakini hilo aamue yeye. Usimeze siku moja ukaruka siku moja. Kwa sertralini hiyo ni kupandisha na kushusha ubongo kila baada ya saa 48.

Na likija wazo la kufa, hata la kupita tu, mwamshe huyo anayekoroma muende hospitali usiku huohuo.

---

TukTuk_Likoni

Dadangu, hizo shoti nazijua kwa jina na ukoo. Mimi nilikuwa kwenye paroksetini, nayo dawa ya sonona, miaka minne, hapa Mombasa. Mara ya kwanza niliacha kwa ubishi wangu, vidonge nikavitupa. Siku ya nne niko foleni ya feri, nageuza shingo kuangalia kioo, tzz, tzz. Abiria aniuliza mbona wafumba macho. Tuktuk nikaiegesha wiki nzima, maana kwa hali ile ningeua mtu.

Mara ya pili nilishuka kwa miezi kumi na minne. Ndiyo, umesoma vizuri. Daktari akinipangia hatua, nami namwambia hii ngumu, twabaki hapohapo mwezi mwengine. Ramadhani ilipoingia hatukupunguza kitu, kwani saa za kula na kulala zageuka zote. Nikawa nameza baada ya futari, basi. Watu walinicheka, mtu mzima akata kidonge kwa wembe juu ya kisahani kama auza dhahabu. Nilimwambia mke wangu mapema: nikikasirika bila sababu wiki hii, si wewe. Hiyo ilisaidia kushinda nilivyotarajia. Mwambie mumeo vivyo hivyo, mpe hata asome uzi huu.

Kuna siku mbaya utafikiri umerudi mwanzo kabisa. Mie nilikuwa naandika, nikitazama nyuma naona zapungua.

---

FundiWaMoro, Jumapili iliyofuata

Nimerudi. Ahsanteni, hata wewe Mzalendo, tangawizi nakunywa.

Jumatatu nilikwenda. Niliogopa kufokewa, nikaandika maswali nyuma ya daftari langu la vipimo nikamsomea kama risala. Daktari alisikiliza, akasema shoti hizo alizisoma ila hajawahi kuelezwa na mgonjwa, akaniuliza zinavyokuwa. Nimerudishwa kwenye 50 kwa mwezi mmoja, halafu 37 na nusu, yaani nusu na robo, na kila tukitaka kushuka nipite kwanza nimweleze. Kaniambia huenda tukamaliza mwakani. Zamani ningenuna.

Mume nimempa simu asome. Amesoma kimya, akauliza "kwa hiyo ule uzi uliokatika si mimi niliyekuudhi?" Tumecheka kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Sasa daftari langu, upande wa mbele ni kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nyuma ni hivi: Jumanne shoti 11, jasho kanga moja. Jumatano shoti 4. Alhamisi 1, kichefuchefu hakuna. Ijumaa 0, nimefumua ule mkono wa sare na kuuhamishia kulia. Jumamosi 0, mteja amekuja kujaribu, anasema kiuno kinabana.